Msamaha wa Jikoni Uliofika Kanisa Lote

Afadhali mlisikie hili kwangu, maana Tawa nzima wanajua: mimi ndiye yule mtu aliyetubu kwa spika bila kuitwa na pasta.

Mnajua mimi na nyumba yangu hatuachani, safari sipendi. Basi Mama Ndanu, mke wangu, aliponiambia twende Emali tumsaidie mama yake kuvuna ndengu, nikajishika tumbo (tumbo lilikuwa sawa kabisa, tena limeshiba), akaenda peke yake, akamwambia mama yake mimi ni mgonjwa, na aliporudi akanipata nacheza drafti na jirani nikicheka. Siku tatu hakunisemesha. Chakula napewa, lakini maneno hakuna.

Jumapili yeye alikuwa na zamu ya kupika jikoni ya kanisa, mimi niko kwa mitambo ya sauti, ambayo inaendeshwa na kompyuta ndogo inayosoma faili ya maagizo. Humo kila kitu unakiita kwa jina lake na majina ya mahali kilipo, ukiyaunganisha kwa nukta, kama unamwelekeza mgeni boma kisha mlango: kanisa.jikoni.sauti ni spika ya jikoni peke yake. Nikarekodi msamaha, niupenyeze jikoni kwake tu wakati wa maombi ya kimya. Sasa uvivu ukanishika tena: kuandika njia yote hiyo ya nini? Nikaandika kanisa.sauti. Kumbe ukiruka jina la katikati, agizo linakaa kwa kanisa lenyewe, na kila chumba kilicho ndani kinalirithi, ukumbi, darasa la watoto, hadi spika ya kule nje.

Watu wamefumba macho, kimyaa, halafu sauti yangu: "Mama Ndanu, nisamehe. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa mvivu. Nyumba usipoongea ni kama imehamwa."

"Amina!" mzee mmoja akajibu.

Hayo ningevumilia. Lakini mstari wa mbele mtu aligeuka, na ni mama mkwe, katoka Emali asubuhi kuja kumwona mgonjwa, chupa ya uji pajani. (Kwetu mama mkwe hata kumwangalia usoni unaona haya, sembuse akusikie ukikiri uongo.)

Mama Ndanu akatokea mlangoni na mwiko, akijaribu kukasirika na kushindwa. "Baba Ndanu, si ungekuja tu jikoni? Ni hatua kumi!"

Mama mkwe akaniwekea chupa kwa meza ya mitambo, macho kando. "Kunywa, mwana wakwa," yaani mwanangu, akasema. "Hata uvivu ni ugonjwa."

Nikaunywa wote, moto hivyo hivyo. Tangu siku hiyo naandika njia yote bila kuruka jina hata moja, na ndengu zikikauka Emali, mimi ndiye natangulia kufika shambani.