Nyota ya Siku Arobaini

Kila asubuhi Jovia humkuta jirani yake, afande mstaafu wa magereza, kibarazani kwake pale Jinja, ametandaza picha za galaksi iliyo jirani na yetu. Kidole chake kinene hutua juu ya nyota moja moja, midomo ikicheza, kama zamani alipohesabu wafungwa. Nyota hizo hung'aa na kufifia, nyingine kila baada ya siku tano, nyingine kila baada ya arobaini, na kando ya kila moja huandika kwa penseli: yupo.

Leo Jovia aliweka chai mezani bila salamu. Norah, bintiye aliyeko Mbale, hajapiga simu mwezi mzima.

"Nyota hii nayo imepotea, Afande. Mfungwa wako katoroka. Mfute."

"Taratibu, Mama Norah. Hii ni ya siku arobaini. Zinazokawia kurudi ndizo zenye mwanga mkubwa. Ukiiona hafifu, ujue iko mbali tu." Akaandika: yupo.

Jovia akaikumbatia simu yake kifuani. "Na Norah?"

Afande hakucheka. Alinyoosha mgongo, akauliza majina kamili ya binti, akayaandika chini ya nyota zote, na mbele yake: yupo.