Ngao Aliyoitupa Volero

Kila asubuhi, kabla Volero hajamaliza uji wake, Opita alikuwa ameshafika mlangoni. Na huyu Opita, jamani, hakuwa kijana. Alikuwa na upara unaong'aa, kitambi cha mtu anayekula akashiba, na binti aliyekwisha kuposwa. Volero mwenyewe ndevu ndio kwanza zilikuwa zimejaa. Lakini Opita akifika pale kizingitini aliinamisha ule upara wake na kusema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba," Volero alijibu, akaweka bakuli la uji chini.

"Umeamkaje, baba? Nimekuletea jibini. Mama naye hajambo?"

Mama ndiye Oppia, mke wa Volero, ambaye Opita angeweza kumzaa kabisa. Oppia alipokea jibini kwa mikono miwili, akacheka kidogo, akamwambia mwanawe huyo mwenye upara aketi apashe miguu moto.

Msicheke. Sisi watu wa Roma ndivyo tulivyo. Mtu akikuokoa vitani, unakata matawi ya mwaloni, unamsokotea taji, unamvika mbele ya jeshi zima. Tangu siku hiyo yeye ni baba yako mpaka mmoja wenu azikwe, hata kama wewe unamzidi umri. Anayekwepa wajibu huo watu humtemea mate, na Opita hakuwa mtu wa kukwepa. Alimpenda Volero kwa moyo wake wote, masikini wa Mungu, na hapo ndipo penye taabu. Volero hakuwa amemwokoa mtu yeyote.

Mambo yalikwenda hivi. Kiangazi kilichotangulia tuliitwa vitani dhidi ya Waekwi, jirani zetu wa milimani, kama tunavyoitwa karibu kila kiangazi mara tu shayiri ikiiva. Kwetu kila mtu huja na vyake. Mwenye ng'ombe wengi anakuja na kofia ya shaba na dirii, mwenye kijishamba kama Volero anakuja na mkuki na ngao, basi. Ngao yake Oppia alikuwa ameichora kichwa cha ngiri kwa rangi nyekundu, lakini mkono ulimteleza, sikio moja likawa kubwa kuliko jingine. Kambini walimtania hadi akachoka.

"Volero, huyo ni ngiri au mama mkwe wako?"

"Ni mama mkwe wake! Si unaona alivyonuna?"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Kaeso, mwana wa mzee Proklo, ambaye shamba lao lilipakana na la Volero. Hao wawili walikuwa pete na kidole tangu wanachunga mbuzi. Katika mstari walisimama bega kwa bega.

Waekwi waliporomoka kutoka msituni wakipiga makelele, na mtu aliyekuwa mbele yao, huyo Opita, akapigwa la kichwa akaanguka, damu ikamjaa machoni. Volero aliiona ile damu na miguu ikakata shauri yenyewe. Ngao ni mzigo kwa mtu anayekimbia, akaitupa. Alikimbia mpaka kwenye vichaka vya miiba kando ya korongo, akajibanza humo. Kutoka humo aliona kila kitu.

Alimwona Kaeso akiangalia ngao yake mwenyewe, ambayo shoka lilikuwa limeipasua vipande viwili. Alimwona akiinama, akaokota ile ya ngiri, akapiga hatua moja mbele na kusimama juu ya Opita. Hakutoka hapo. Adui wa kwanza aliyekuja Kaeso alimchoma, wa pili pia, na wa tatu ndiye aliyempata yeye kwa mkuki. Wakati huo wenzetu walikuwa wamejipanga upya, wakawasukuma Waekwi hadi ng'ambo ya kilima, na pale uwanjani wakabaki walioanguka tu.

Volero alitoka kichakani, akaenda. Kaeso alikuwa amelala chali, ameshakufa, mkuki umemwingia kifuani, mkono ungali ndani ya kamba za ngao. Kando yake Opita alikoroma, macho yamegandamana kwa damu.

Kwetu anayerudi bila ngao wenzake humpiga kwa magongo, na ni wachache mno wanaoinuka baada ya kipigo hicho. Volero aliwaza hilo tu, wala hakuwaza taji. Alipiga magoti, akavifungua vidole vya rafiki yake kimoja kimoja kutoka kwenye ile kamba, akaichukua ngao. Halafu akamfunga Kaeso ndani ya joho lake, gubigubi, kuanzia kichwani hadi miguuni, na akalia. Kilio kilikuwa cha kweli, mtu asimsingizie.

Wenzake walipofika walimkuta hivyo. Mkubwa wa kikosi akautazama ule mzigo uliofungwa joho.

"Nani huyo?"

"Kaeso."

"Ngao yake iko wapi?"

Mkubwa akatazama huku na huku, hakuona ila vipande vya ngao vilivyokanyagwa, visivyojulikana ni vya nani, akasonya, akaenda zake. Ikawa imekwisha kusemwa kwamba Kaeso alitupa ngao akakimbia, bila Volero kutamka neno.

Jioni Opita alioshwa macho, akaketi, akauliza: "Yuko wapi mwenye ngiri mwekundu? Uso sikuuona. Nilimwona ngiri tu, mwenye sikio kubwa. Alisimama juu yangu hakuondoka!"

Watu wakamsukuma Volero mbele.

"Si mimi," Volero alisema.

"Ala! Mwoneni anavyoona haya, kama bibi harusi!"

"Nasema si mimi."

"Basi ni mama mkwe wako!" Kambi nzima ikaangua kicheko. Opita akamkumbatia akilia, na asubuhi yake akashika jiwe la kiapo mkononi, akaapa kwa Jupita mbele ya jemadari kwamba mtu huyu ndiye aliyempa uhai wa pili. Taji likawekwa kichwani. Volero angeweza kusema mara ya tatu. Hakusema, na kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko iliyopita.

Maiti ya Kaeso ilifikishwa kwa mzee Proklo juu ya gari la ng'ombe. Mzee alisimama uani na fimbo yake. Hakuuliza mwanawe amekufaje. Aliuliza, "Ngao yake iko wapi?" Waliomleta wakatazama chini.

"Basi msimfungue," mzee alisema.

Vetilia, mama wa marehemu, akaanguka miguuni pa mumewe. "Niache nimwoshe. Nimwoshe uso tu, mume wangu."

"Nimesema asifunguliwe."

Kwetu neno la baba halina rufaa. Kaeso alizikwa amefungwa vilevile, bila filimbi, bila mtu wa kumsifu. Proklo akakataza jina lake lisitajwe, na kaburini asipelekewe hata punje ya chumvi.

Tangu hapo Vetilia akawa mtu wa kunyanyaswa kisimani. Wanawake wana ndimi kali wakitaka. "Mpisheni mama Kaeso, msije mkamwangusha, hawa ni watu wa mbio!" Alijaza mtungi wake akaondoka. Oppia alisimulia hayo nyumbani kwa huruma, akaongeza, "Afadhali mimi mume wangu ni wewe." Volero akainuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Siku moja alikuwa akipalilia maharage, Vetilia akaja mpaka kwenye mpaka wa mashamba, akasimama upande wake.

"Mwanangu, Volero."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ulisimama naye bega kwa bega. Mimi sitamwambia mtu. Niambie tu, mtoto wangu alikimbia?"

Jibu lilikuwa mdomoni, fupi tu, mtoto mdogo angeweza kulisema.

"Sikuona, mama," Volero alisema. "Kulikuwa na vumbi."

"Vumbi," Vetilia alirudia. Akamshukuru, ndiyo, alimshukuru! Akarudi kwake polepole. Volero alijiona takataka, na alikuwa takataka kweli, sina namna ya kulipamba hilo.

Ikaja siku ya mashindano ya farasi bondeni. Mwenye taji la mwaloni akiingia pale, watu wote husimama, hata wazee wa baraza. Volero hakutaka kwenda, Opita akamburuta. "Baba, unaninyima raha yangu?" Basi akaingia na majani yake kichwani, na watu wakainuka safu kwa safu. Katika safu ya tatu mzee mmoja alichelewa kwa sababu ya magoti. Alishika fimbo kwa mikono yote miwili, akajikongoja, akasimama, akamwinamia. Alikuwa Proklo. Volero hakuona farasi hata mmoja siku hiyo.

Njiani kurudi alimshika Opita mkono. "Opita, sikiliza. Siku ile, ile ngao..."

Opita akamziba mdomo kwa kiganja, na uso wake, uliokuwa mchangamfu siku zote, ukabadilika. "Baba, mimi niliapa kwa Jupita. Nina binti anayeolewa. Usiniambie kitu ambacho kitanifanya niwe nimeapa uongo. Nakuomba." Halafu akacheka kwa nguvu na kuanza kusifia farasi. Kumbe hata yeye alikuwa na shaka yake mahali fulani, ameifunika na jibini za kila asubuhi.

Mwezi wa Februari tunakwenda kwa wafu wetu. Barabara nje ya lango hujaa watu na mabakuli yao, mkate uliolowekwa kwenye divai, chumvi, maua kidogo. Volero alikwenda na Oppia kwenye kaburi la wazazi wake. Alipomaliza kumimina divai aliinua kichwa, akamwona Vetilia. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono mitupu, akilitazama kaburi la mwanawe lililoota magugu. Hakuthubutu kulisogelea. Watu walimpita na mabakuli yao, naye aliwapisha, kisha akageuka kurudi nyumbani.

"Unakwenda wapi?" Oppia aliuliza.

"Kwa mzee Proklo."

"Kufanya nini?"

"Kusema."

"Kusema nini wewe mwanaume?" Volero alikuwa ameshakwenda.

Alimkuta mzee karibu na moto. Vetilia alikuwa ndiyo anaingia, hata mtandio hajautoa.

"Karibu, shujaa," mzee alisema, akitafuta fimbo yake ili ainuke. "Vetilia, mpe mgeni kiti."

"Usiinuke, mzee. Mimi siketi." Volero akayasema yote akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Ngao aliitupa yeye. Aliyekimbia ni yeye. Kaeso aliiokota, akasimama juu ya Opita mpaka mwisho, na yeye akamvua ngao hiyo mkononi akiwa maiti. "Kesho nitasimama sokoni niseme mbele ya watu wote. Wanipige wanavyotaka."

Alingoja fimbo imshukie. Mzee hakuinua fimbo. Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Mkuki ulimwingia wapi?"

"Kifuani, mzee."

"Mbele."

"Mbele. Nilimfunga mwenyewe, niliona."

Proklo aliitazama mikono yake juu ya magoti. "Sikumfungua," alisema. "Alikuwa pale uani kwangu. Ningeinua joho tu ningeona. Huyu aliniomba..."

Vetilia hakupiga ukelele, hakuanguka. Alikwenda rafuni akachukua mkate, akaumega ndani ya bakuli, akamimina divai, akatia chumvi. Divai nyingine ikamwagika sakafuni. Mzee akaanza kuinuka.

"Ngoja nivae joho. Mimi ndiye baba, mimi ndiye wa kumpelekea."

Volero naye akasogea mlangoni amfungulie.

"Nyinyi bakini," Vetilia alisema.

Tangu aolewe hakuwahi kumwambia mumewe neno la namna hiyo, na wote wawili wakasimama walipo.

"Wewe kesho utasema sokoni, na mimi nitakuwapo, nitasikiliza mpaka neno la mwisho. Lakini leo bakini. Wewe ulimvua ngao ukaniambia vumbi. Na wewe ulimfukia bila kumtazama. Mwanangu hana chakula cha kula kutoka mikononi mwenu."

Akavuta mtandio juu ya kichwa, akabeba bakuli lake kwa mikono miwili, akatoka kwenda barabarani kwenye watu. Proklo akarudi kuketi. Volero, kwa kuwa hakuambiwa aende, akaketi chini ng'ambo ya moto, na hakuna aliyeweza kumwangalia mwenzake.