Fisi Aliyemtii Bibi

Harufu ya ngozi mbichi inayokauka juani hunirudisha utotoni mpaka leo. Nilikuwa na miaka minane, pamba imekwisha kuvunwa kijijini kwetu karibu na Songwa, na kundi la ngoma la upande wetu lilikuwa likitengeneza fisi wa kushindana na wenzao wa ng'ambo ya mto. Mwili wake ulikuwa fito na ngozi ya ng'ombe iliyopakwa madoa ya masizi. Taya lake la mti, likivutwa kwa kamba, liligonga ka, ka, ka. Ndani aliingia mchezaji mmoja, na kumtaja kulikuwa mwiko. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema. Kwetu fisi si mnyama wa kuchekwa, maana kila mtoto aliambiwa kuwa wachawi humfuga na kumpanda. Mimi nilimwogopa huyu wa ngozi kuliko wa porini. Wa porini haji uwanjani kukuchagua.

Siku ya mbina, yaani mashindano yenyewe ya ngoma, ngoma zikiwa zimepamba moto, alinichagua. Alinijia moja kwa moja, taya likigonga, nami nikapiga yowe na kujifunika kwa khanga ya Bibi, mama yake baba, mjane ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia mavi makavu ya ng'ombe. Bibi akanyoosha mkono. “Wewe, kaa chini! Utaniulia mtoto kwa hofu.” Fisi akakaa, akainamisha kichwa miguuni pake. Watu waliangua kicheko, kisha kicheko kikafa polepole uwanja mzima. Fisi alikuwa amemtii kikongwe mwenye macho mekundu, na kwetu macho hayo ndiyo alama ya mchawi.

Kesho yake kisimani wanawake walisogeza ndoo zao mbali na yake. Mtoto wa jirani akashikwa na homa, na watu wakaanza kunong'ona: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwetu hakuna asiyejua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Siku ya tatu, mchana kweupe, wazee walikuja uani kwetu pamoja na mwenyekiti wa kijiji, na nyuma yao vijana wameshika mapanga kana kwamba wanatoka shamba. Ilikuwa kiangazi, shambani hakukuwa na kazi ya panga.

Miongoni mwao alisimama Mjomba Masanja, kaka yake mama. Chini ya ile ngozi nilikuwa nimeona mguu wake, kidole gumba kisicho na ukucha. Nilingoja aseme. Alitazama chini. Bibi naye aliketi juu ya kigoda, akiyatazama mapanga. Mkojo ulinitoka, lakini nikasema.

“Ndani ya fisi alikuwa Mjomba!”

“Masanja,” mwenyekiti akauliza, “mtoto anasema kweli?”

Masanja akajibu, “Kweli. Mayu huyu, mama huyu, ni mkwe wa dada yangu. Mtu mzima akikuambia kaa, utafanyaje? Unakaa.”

Mzee mmoja alicheka, wengine wakafuata, mapanga yakashuka. Kundi lilimfukuza Masanja, na iliniuma sana kwamba kwa miaka mingi alinipita bila kunisemesha. Bibi aliishi, ila hakuna aliyekaa tena karibu naye ngomani, na kwa hilo sijawasamehe.

Sasa nami nimezeeka, ninaishi Katoro, nina wajukuu. Mwaka huu tulikwenda kutazama ngoma Geita. Fisi wa siku hizi ni wa sponji, na ngoma ikiisha kijana huvua kichwa mbele ya watoto, akanywa soda na kupigwa picha nao. Wajukuu wangu walimvuta mkia bila woga wowote, nami nilifurahi kweli, nikadhani mambo yale yamepita. Wiki iliyofuata ng'ombe wa jirani alikufa ghafla. Nilikwenda kumpa pole. Alipoona nakaribia, alimwita mtoto wake aingie ndani.