Nilimpaka Bosi Oili Chafu Miguuni

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Mbwa wa mama mkwe wangu alikufa mikononi mwangu, na mpaka leo mama wa watu anaamini alipotea.

Anaishi Kamenu, Thika, peke yake tangu baba mkwe afariki. Alipokuwa anaenda kupasuliwa goti, alituletea Bosi hapa kwetu Gitothua. "Mama Ciku, huyu ndiye niliachiwa na baba yenu," aliniambia akinipa kamba. "Nichungie yeye vizuri."

Sasa mimi na usafi, wueh! Nyayo za mbwa kwenye veranda zilinikera kupita kiasi. Kila asubuhi nikawa napiga deki na ile dawa kali ya choo, bila kuichanganya na maji, bila kusuuza. Bosi alikuwa analala papo hapo.

Haukupita muda akaanza kujilamba miguu. Analamba, anatafuna katikati ya vidole, hadi manyoya meupe yakageuka rangi ya chai. Nikaona ni tabia mbaya tu. Nikampaka pilipili ili aache. Alilia, halafu akalamba zaidi, nami nikamchapa na patipati! Akaenda kujificha nyuma ya tangi la maji, akaendelea kulamba huko.

Jirani yangu akanicheka. "Hiyo ni viroboto, mami. Mpake oili chafu ya gari, si sisi wote hufanyanga hivyo?"

Nikaomba kidogo kwa fundi wa gereji, nikampaka miguu yote minne. Alisimama tu, akaniachia mguu mmoja mmoja. Mbwa asiyeweza kuacha kujilamba, nilidhani atafanya nini na ile oili? Aliilamba yote.

Kesho yake alikuwa anatapika, hawezi kusimama. Daktari wa mifugo alipofika, alitenganisha vidole vyake, akaona ngozi imechubuka.

"Hapa mnaosha na nini, madam?"

Nikamletea chupa. Aliitazama, akaiweka chini polepole. "Alikuwa anaungua. Ndio maana alikuwa anajilamba. Na hiyo oili ameimeza ndio imemmaliza."

Bosi alikata roho hata kabla daktari hajafunga mkoba wake. Ngai! Mnyama alikuwa anatafuta nafuu, na mimi nilikuwa namwadhibu.

Tulimzika nyuma ya nyumba kabla watoto hawajatoka shule. Mama alipopiga simu kumuulizia, nilimdanganya kwamba geti liliachwa wazi. Nikaanza kulia. Akasema, "Usilie, mami. Atarudi. Huyo anajua watu wake." Yeye ndiye alinibembeleza mimi!

Wewe mwenye mbwa, ukimwona anajitafuna miguu, usikimbilie fimbo wala dawa ya jirani. Huenda ni mwiba, huenda ni funza, huenda ni kitu unachomwaga mwenyewe chini. Mshike mguu, umwangalie, umwite daktari mapema. Na ukikosea, sema siku ile ile, kwa sababu mimi sasa sijui nitaanzia wapi.

Goti la mama limepona. Kila akija kututembelea hubeba mfuko wa mifupa kutoka buchari ya kwao, anautundika getini. "Bosi akirudi asikose kitu ya kukula," husema.

Akishaondoka, nautoa ule mfuko, nachimba nyuma ya nyumba, naizika ile mifupa pale Bosi alipolala.