Kilimo cha Muhogo, Sehemu ya Pili

Studio ile ya Kilole ilinukia gundi na plastiki iliyopata moto. Niliingia na mtoto mgongoni kumuuliza bwana mwenye studio kwa nini video ya sherehe ya wanawake, ya harusi ya mdogo wangu, iko mtandaoni. Aliyerekodi alikuwa mwanamke. Huyu bwana kazi yake ilikuwa kutuhamishia tu kwenye flashi. Kwenye video hiyo nacheza kichwa wazi, khanga kiunoni, nikijua tuko wanawake watupu. “Lakini dada, si umependeza? Watu wanakusifia,” akasema, anacheka. Hapo uvumilivu ukaniishia. “Nani alikutuma unitangaze kwa wanaume wa Korogwe nzima?”

Harufu ile ilinirudisha Kabuku, likizo moja nikiwa darasa la tano, kwa Shangazi Mwanaidi. Yeye ndiye aliyekuwa akirekodi upande wa wanawake kwenye harusi, kisha anachoma CD chumbani kwake kwa kompyuta kuukuu iliyovuma kama mashine ya kusaga. Mimi niliandika majina juu yazo, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Kwanza tulibandika karatasi kwa gundi. Deki ya mama mmoja ikapata moto, karatasi ikabanduka, CD ikanasa humo humo, na fundi wa kuifungua alikuwa mwanaume! Shangazi alimsimamia mpaka ikatoka, akaipokonya. Tukahamia maka peni. Nikaandika kwa herufi kubwa: WANAWAKE TU. Ujinga gani ule! Ilikuwa kama kuwapigia wanaume mbiu. Kabla wiki haijaisha, kaka zake bibi harusi mmoja walikutwa wamejifungia sebuleni wanaitazama. Bibi harusi alilia, na mama yake akaja uani kwetu amevimba. “Wifi, binti zangu hawachezi tena mbele ya kamera yako.” Neno hilo lingeenea, kazi ya shangazi ingekuwa imekwisha.

Shangazi aliendelea kutwanga kisamvu. Yule mama alipoondoka, akauacha mchi. “Andika Kilimo cha Muhogo.”

“Shangazi, si uongo huo?”

“Andika. Tena weka Sehemu ya Pili. Mwanaume gani atahangaika kuitafuta ya kwanza?”

Basi CD zetu zikawa zinakaa wazi juu ya televisheni za watu, na hakuna mwanaume aliyezigusa. Bwana shamba peke yake ndiye aliyezitamani. “Mama, niazime hiyo nikawaonyeshe wakulima.” Shangazi akamjibu kavukavu, “Imekwaruzika, baba,” na wanawake mle ndani wakaziuma khanga zao wasiangue kicheko. Msimu ule ule yule mama alirudi kwa miguu yake: binti wa pili anaolewa, na anamtaka shangazi, si mwingine.

Siku hizi video haina hata mgongo wa kuandika jina. Kidole kimoja kinaigawa dunia nzima. Shangazi alitulinda kwa kuficha, akashinda. Mimi sina pa kuficha, nimekwenda ofisi ya kata mchana kweupe. Mtendaji aliniuliza, “Mama, si mngezungumza mkayamaliza?” Nikamwambia nimeshazungumza. Nikaandika jina langu kamili, naye akagonga mhuri yule mwenye studio, aliyeitwa ofisini, akiwa amesimama pale, kicheko hana: “Nalalamika kwamba mtu huyu ametangaza sherehe yetu ya wanawake bila ridhaa yetu. Nataka aifute leo, mbele ya ofisi hii, nami nikiangalia.”