Anayenuswa Mikono Kabla ya Kupika

Saa moja asubuhi, mjini Zigong, China. Kabla hajavua viatu mlangoni, Luo Chengbi ananyoosha mikono yote miwili, na Bibi Yan Tingxiu anainusa, kidole kwa kidole.

"Jana ulikaanga nini kwako?"

"Sikukaanga, Bibi. Nilichemsha tambi."

"Tambi gani zinanuka nguruwe?"

Luo, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, huwapikia watu milo ya siku majumbani mwao. Hapa hulipwa yuan elfu tatu kwa mwezi, na ndizo zinazomsomesha bintiye uuguzi. Lakini wiki iliyopita mtungi wa achari wa Bibi Yan uliota utando mweupe, na hapa Sichuan hata mtoto anajua maana yake: kuna mtu ameingiza mafuta.

Maji ya mtungi huo Bibi alipewa na mama yake siku alipoolewa. Hayajawahi kumwagwa, huongezwa tu chumvi na mboga. Sasa mfuniko umefungwa kwa uzi mwekundu, na Luo haruhusiwi kuugusa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bibi anamwambia mwandishi wa makala haya, macho yake kwa mpishi. Jioni mwanawe, Guoping, atakuja kula, na ndiye atakayeamua kama Luo abaki au aende.

Uji wa mchele unanywewa kwa yai tu. Achari hakuna. "Uji mtupu ni wa wagonjwa," Bibi ananung'unika. Hata mwandishi anajikuta akiikodolea macho mikono ya Luo.

Mchana Luo anachemsha nyama ya nguruwe, anaikata vipande vyembamba, kisha anaikaanga kwa pilipili na majani ya kitunguu saumu. Harufu inamtoa Bibi chumbani. Anachovya vijiti vyake karaini, anaonja.

"Leo chumvi imekukimbia?"

Akiwa bado anatafuna, anafungua uzi mwekundu na kuchomoa kipande cha figili mtungini. Kwa vijiti vilevile.

Luo anaacha kukoroga. "Bibi, hivyo vijiti vimetoka wapi?"

Bibi anavitazama. Ncha zinang'aa mafuta. "Havijatoka popote," anasema, akivifuta upindoni mwa nguo kabla ya kufunga uzi.

"Imeniuma," Luo anasema baadaye, machozi yakimlengalenga. "Wiki nzima nanuswa kama mwizi! Lakini nikimsema mbele ya mwanawe, ataambiwa amepoteza kumbukumbu, apelekwe nyumba ya wazee. Mimi kazi nitapata nyingine. Yeye huo mtungi ataubeba kwenda nao wapi?"

Jioni Guoping anafika. Mezani kuna samaki, tofu na mchicha.

"Mama, huyu vipi? Nikutafutie mwingine?"

Luo anapakua wali bila kuinua macho. Bibi anaweka bakuli lake chini.

"Mwingine mtafutie mkeo," anasema. "Huyu ni wangu. Kesho atie pombe kali kidogo mtungini, utando utakufa."

Luo ana ombi moja ambalo hajathubutu kulitamka: bintiye akiolewa, apewe bakuli moja la maji yale aanzishie mtungi wake.

Mlangoni, Luo akivaa viatu, Bibi anamfuata. Anainyoosha mbele mikono yake miwili iliyokunjamana.

"Kesho ukifika," anamwambia, "uninuse na mimi."