Fito Nilizozinyoosha Barafuni

Naikumbuka vizuri siku niliyoharibu kazi ya mwaka mzima, mwanangu, maana niliiharibu huku nikiimba. Nyimbo za kwaya, tena kwa sauti, juu kabisa ya Kilimanjaro, mahali ambapo hata pumzi ni ya kugombania. Ujana una mambo!

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mitumba imejaa mjini, simu za mkononi ndiyo kwanza zinaonekana, na kila mtu Arusha anafungua duka au kampuni ya watalii. Mimi, binti wa mkulima wa kahawa wa huku Meru, nilipata kazi ambayo hata baba hakujua aieleze vipi kanisani: kupima barafu. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili Kimandolu, pale pale Arusha. Mkuu wangu alikuwa Mwalimu Elirehema, Mmeru mwenzetu, aliyefundisha jiografia miaka mingi kabla ya kuingia kwenye utafiti. Watu walipomwambia msichana hawezi kupanda kule, aliwajibu kwamba msichana huyu anabeba mikungu ya ndizi kichwani tangu utotoni, wamwache apande.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, usije ukadhani ni uchawi. Kulikuwa na satelaiti iliyorushwa hasa kwa ajili ya zile barafu kubwa za ncha za dunia. Inapita angani, inapima uso wa barafu uko kimo gani, ikirudi inapima tena. Ile tofauti ndiyo inayosema barafu imepungua au imeongezeka. Katika mizunguko yake ilipita pia juu ya mlima wetu. Wataalamu wa nje walisema barafu yetu ni ndogo mno, satelaiti ile haiwezi kuipima. Mwalimu akasema inaweza, akabishana nao kwa barua mpaka makabati yakajaa. Ili ijulikane nani yuko sahihi, tulichomeka fito kumi na mbili za mianzi ndani ya barafu, kila ufito tukiuacha nje mita moja. Mwaka ukiisha unapanda, unapima sehemu iliyo nje. Barafu ikiwa imeshuka, ufito unachomoza zaidi. Unalinganisha na satelaiti, ubishi umekwisha.

Basi mwaka ulipoisha nilipanda na wapagazi wawili. Nikakuta fito zimechomoza, zimelegea, zimeinama huku na huku. Roho iliniuma. Wewe umekulia kwetu, unayajua masale tunayopanda mpakani mwa mashamba. Baba alitulea hivi: ukikuta sale limeinama, hupiti. Unalinyoosha kwanza, unalishindilia, ndipo unaendelea na safari yako, maana likianguka leo, kesho majirani wanashikana mashati. Mikono yangu ilijua hilo kabla ya kichwa. Nikachukua kekee ya kutobolea barafu, huku nikiimba zile nyimbo za kwaya, nikachimba mashimo upya, nikazirudisha fito ndani mpaka ikabaki mita moja nje, zimesimama wima kama vijana siku ya Kipaimara. Kisha mimi, mpimaji hodari, nikatoa futi kamba nikazipima! Mita moja. Mita moja. Mita moja. Nikaviandika vipimo hivyo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu alilisoma lile daftari, akaliweka kando ya namba za satelaiti. Satelaiti ilisema barafu imeshuka, tena si kidogo. Fito zangu zilisema haikushuka hata kidole.

"Basi," akasema, "nimeshindwa. Ijumaa nitawatumia barua ya kukiri."

Hakuniuliza hata swali moja, mwanangu. Aliniamini tu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na badala ya kusema, nikanyamaza jii.

Nilinyamaza siku tatu. Nilijua watasema si tulisema msichana hawezi, na nilijua kazi sina tena. Alhamisi asubuhi nikamkuta anaikunja barua aitie kwenye bahasha.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba usiitume hiyo."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Fito nilizikuta zimechomoza. Nikazizamisha kwanza, ndipo nikapima."

Alivua miwani. "Zote?"

"Ulibaki mmoja. Kekee ilivunjika, nikauacha vile vile. Sikuuandika, niliona aibu kuonyesha kazi mbaya."

"Ulikufika wapi?"

Nikaweka mkono kidevuni. Mzee wa watu akainuka, akapima kwa futi kamba kutoka sakafuni mpaka kwenye mkono wangu, tena mara mbili. Kisha akaketi, na hapo akanikemea.

"Baba yako alikufundisha kunyoosha sale, na amefanya vizuri. Lakini ule ni ufito wa kupimia, binti! Umekuta habari mbaya, ukaipiga pasi!" Akatikisa kichwa. "Tena siku tatu umeniangalia nikijiandaa kuomba radhi kwa watu ambao sikuwakosea."

Hilo la mwisho ndilo lililoniliza. La fito lilikuwa dogo.

Wiki iliyofuata nilipanda tena, nikaupima ule mmoja bila kuusogeza hata kidogo. Kipimo chake kikakaribiana sana na cha satelaiti. Lakini ufito mmoja kati ya kumi na mbili, nani atauamini? Mwalimu aliandika ripoti, akanipa niisome kabla ya kuituma. Jina langu lilikuwa pale, na kosa langu lote, bila kupunguziwa neno. Uso uliniwaka. Chini yake alikuwa ameandika: "Haya tumeyajua kwa sababu mpimaji alituambia mwenyewe. Kwa hiyo ufito anaosema hakuugusa, tunauamini."

Na wale wataalamu wakauamini. Nikabaki kazini mpaka nimestaafu, magoti yananipigia kelele, lakini moyo wangu umetulia.

Mwanangu, wewe leo unaipima dunia ukiwa umekaa kitini, na vyombo vyako ni vizuri kuliko vyetu. Neno langu ni hili: kitu kipime kwanza jinsi kilivyo, ndipo ukitengeneze. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, usingoje siku tatu kama mimi mjinga. Itafika siku utakuwa na neno moja tu la kweli mkononi, na watu wataliamini au watalikataa kwa kuangalia kama uliwahi kusema ukweli uliokuumiza.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kusema ulichokiona. Akujalie mkuu wa kazi kama Mwalimu wangu, na siku utakapokuwa mkuu, binti wa watu akija mbele yako anatetemeka, akujalie uvue miwani umsikilize.